Swali la Mama Morio

Sakurajima, 2 Juni 1942

Kaka Isao,

Pokea salamu za nyumbani, za Baba zikitangulia, maana amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimezianza zake. Anasema goti limepona. Mimi nasema halijapona, limezoea tu. Mlima nao hauna adabu: tangu mrudi melini umekuwa ukitema majivu, nguo naanika, nakung'uta, naanika tena. Machenza yameshika vizuri mwaka huu.

Sasa hili lililonishikisha kalamu. Tangu siku ile ya likizo Baba alipokunywa pombe ya uchumba na Mama Morio, huyo mama ananiita mkwe kila mahali, hata kwenye foleni ya chumvi. Juzi nimebeba ndoo, akanipigia kelele mbele ya watu, "Mkwe! Mke wa baharia habebi ndoo kama anayebeba maiti ya paka!" Foleni nzima ikacheka. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilifurahi, sijui unanielewa.

Mwambie Morio mama yake hajambo, na anakula. Mwambie pia kwamba lile alilonieleza pale gatini nililisikia, ingawa honi ya feri ilikuwa inalia. Asije akajifanya hakusema. Na wewe usimuulize ni lipi.

Arusi ni vuli, mkirudi. Mtunzane huko. Mafundi wawili wa ndege kwenye meli moja, kijiji kimoja, mkishindwa kutunzana ninyi basi nani ataweza.

Mdogo wako,
Kinue

*

Sakurajima, 13 Juni 1942

Kaka Isao,

Hatujambo. Baba hajambo, goti ni lile lile.

Redioni wametangaza ushindi mkubwa huko bahari ya mashariki. Meli mbili za ndege za Wamarekani zimezama. Za kwetu moja imezama, moja imeumia. Mjumbe wa nyumba kumi alitutoa wote barabarani na vibendera, tukapiga kelele za furaha. Mama Morio alipaza sauti kuliko sote. Baadaye nikamkuta nyuma ya ghala ameegemea ukuta.

"Wamesema moja, siyo?" akaniuliza.

"Moja, Mama."

"Na wao wana meli ngapi za namna hiyo?"

Nikasema nyingi. Akasema, "Basi nyingi ni nyingi," akaenda zake kulisha kuku.

Baba anasema ingekuwa yenu tungekwisha kuletewa habari. Andika hata mstari mmoja. Andika jina lako tu, na Morio aandike lake chini yake.

Kinue

*

Kusini, 21 Agosti 1942

Kwa Baba na mdogo wangu Kinue,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Kuanzia sasa msiandike kwa jina la meli, andikeni kwa namba iliyo nyuma ya kadi hii. Huku kuna joto na nazi nyingi. Mwandiko usiwatie wasiwasi, niliungua vidole kidogo jikoni, vinapona.

Baba apumzishe goti.

Isao

*

Sakurajima, 20 Septemba 1942

Kaka Isao,

Kadi yako ilifika wakati tunang'oa viazi. Baba aliisoma akiwa amesimama shambani, akaisoma tena, akavua kofia, akaivaa. Jioni alikunywa kikombe kimoja zaidi na akaimba, nawe unajua anavyoimba. Mbwa wa jirani alihama.

Lakini kaka, miezi mitatu kimya, barua zangu zote hazikujibiwa, kisha mistari minne? Na fundi wa ndege jikoni alikuwa anatafuta nini mpaka akaungua?

Na Morio? Hukumtaja. Mama Morio alikuja mbio kusikia kadi inasema nini. Nikamsomea. Akangoja. Nikamwambia kadi ni ndogo, nafasi ilikwisha. Akaichukua mkononi, akaigeuza, akaona pale chini palipobaki peupe. Akanirudishia.

Sasa sikia. Mgongo wake umezidi, na yuko peke yake nyumba nzima. Kila asubuhi anampakulia Morio wali kidogo na supu, anaviweka mbele ya picha yake ili asione njaa huko aliko. Mshenga amekuja na wazo: tusingoje mrudi wala nini, arusi ifanyike na picha. Wengi wanafanya hivyo mwaka huu. Nitakunywa vikombe vyangu vya pombe ya arusi, vyake atavinywa mjomba wake kwa niaba, jina langu litaandikwa kwao, nitahamia nimsaidie mama. Baba amekubali ila anasema kaka yako lazima aulizwe, ndiye anayemjua mume zaidi yetu sote.

Basi nakuuliza. Ukinyamaza nitajua umeridhia.

Kinue

*

Kusini, 25 Oktoba 1942

Kwa Baba na Kinue,

Natumai mavuno yamekwenda vizuri. Huku mvua, na mimi ni mzima.

Kuhusu jambo lile. Msifanye haraka. Baba, nakuomba kama mwanao wa kiume wa pekee, arusi hiyo isifanyike mwaka huu. Nilikuwa sipendi kusema, lakini kuishi na mtu melini ni tofauti na kumjua kijijini. Morio ni mlevi. Anacheza kamari. Bandarini ana wanawake, na siyo mmoja. Ni rafiki yangu lakini dada yangu simpi. Kinue bado mdogo, watakuja wengine. Mwalimu yule wa ng'ambo ya ghuba aliyekuwa anapita pita, je, hajaoa?

Msimwambie mama yake niliyoandika.

Isao

*

Sakurajima, 30 Novemba 1942

Kaka,

Baba hajambo. Kuku hawajambo. Salamu zimekwisha.

Barua yako ilipoletwa, Mama Morio alikuwa ameketi kwetu anamenya figili. Baba, kwa furaha, aliifungua na kuanza kuisoma kwa sauti. Unamjua Baba, akianza kusoma hawezi kuacha, macho yanakwenda na mdomo unafuata. Alifika kwenye "mlevi" kabla hajajua anasoma nini. Alifika kwenye "wanawake" na bado anasoma. Ile "msimwambie mama yake" aliisoma pia.

Mama Morio aliweka kisu chini. Akasema, "Morio wangu akinywa kikombe kimoja anakuwa mwekundu kama pweza wa kuchemsha, analala. Huo ulevi ameujifunzia wapi?" Akatungoja tumjibu. Kisha akasema, "Isao nilimnyonyesha mimi mama yake alipokuwa mgonjwa. Ziwa hili hili." Akainuka na mgongo wake, akatoka. Figili alizomenya ameziacha.

Hakula siku ile wala iliyofuata.

Kama mmegombana, semeni mmegombana. Kama unamwonea wivu kwa lolote, mezea. Lakini kumchafua mtu mbele ya aliyemzaa, na mtu mwenyewe hayupo ajitetee, hilo sikulitegemea kwako. Nimewaza sana nikuandikie nini. Nimepata hili tu: arusi ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi na mbili. Mtu niliyeongea naye gatini namjua. Wewe ndiye sikujui.

Kinue

*

Kusini, 19 Januari 1943

Mdogo wangu Kinue,

Barua yako imenifikia jana, na tarehe uliyoitaja imeshapita. Kwa hiyo sasa naandika kwa mke wa Morio. Hongera sijui kama inafaa.

Niliyoyasema ni uongo mtupu. Hakuwahi kugusa karata. Bandarini, wenzetu wakitoka kwenda mjini, alikuwa anabaki kushona vifungo vyake na vyangu. Mwombe mama yake radhi kwa niaba yangu, piga magoti kabisa. Mimi nitapiga yangu siku nikifika.

Kuhusu kwa nini, siandiki.

Nitakueleza kitu kingine, cha kufua nguo. Mwezi wa saba, mwaka jana, nilifua shati nikalianika uani. Kulikuwa na uzio na askari mlangoni, hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuandika, lakini ua ulikuwa mzuri, na jua. Niliporudi kulianua nikalikuta limechafuka lote, kijivu. Nikapitisha kidole, nikakilamba. Mdogo wangu, nililia kama mtoto. Wenzangu wakadhani ni vidole vinaniuma.

Ulilalamika nguo zako zilivyokuwa. Na langu lilikuwa hivyo hivyo.

Mpe Baba salamu.

Isao

*

Sakurajima, 28 Februari 1943

Kaka Isao,

Naandika nikiwa nyumbani kwa Mama Morio, ndiyo kwangu sasa. Yeye hajambo. Baba hajambo, anakuja kila siku kula kwetu kisha anasema alikuwa anapita tu.

Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nilikasirika upya. Nikasema, mimi namuuliza habari ya mume, yeye ananieleza habari ya shati. Niliikunja nikaiweka. Siku ya tatu naanika nguo, majivu yakaanza kushuka, na mikono yangu ikasimama kwenye kamba.

Majivu ya mlima huu hayafiki kusini, kaka. Yakienda sana yanaishia ng'ambo ya ghuba. Ulikuwa hapo, karibu hivyo, mwezi wa saba. Meli haikai uani. Na hukuja, na hukuandika, na ulipoandika ulimchafua rafiki yako ili nisiolewe naye. Sitaendelea. Nimeelewa.

Nilikaa nalo wiki moja. Kila asubuhi mama anampakulia wali, tena mchele wenyewe ni huu wa kupimiwa, anajipunja yeye ili picha ipate. Nilishindwa. Tulikuwa shambani tunang'oa figili, mimi mstari huu, yeye ule. Nikamwambia, "Mama, Morio harudi."

Hakuacha kung'oa. Akauliza, "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema."

"Redio?"

"Hapana, Mama."

"Mjumbe?"

"Hapana."

Akang'oa mpaka mwisho wa mstari. Akaketi juu ya lile rundo. Akasema, "Yanayosemwa nayasikia kila siku. Kila siku tunashinda. Hili hakuna aliyelisema, basi ni kweli."

Mjumbe wa nyumba kumi alituona tumekaa tumeshikana, akaja. "Kuna nini hapa?" Mama akamjibu, "Mgongo." Mjumbe akasema angalieni, kuna watu wanatangaza habari za huzuni na wanachukuliwa na polisi. Mama akamwambia, "Basi waje wauchukue na mgongo huu, nitashukuru." Mjumbe akaenda.

Ana swali moja tu. Ananiuliza kila tukikaa, kana kwamba mimi nilikuwepo: "Moto au maji?" Najua huwezi kujibu. Nimeliandika kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Kinue

*

Sakurajima, 30 Juni 1943

Kaka Isao,

Tumepata barua ya serikali, na baada yake kisanduku cheupe. Barua inasema Morio amefariki kwa heshima akipigana baharini. Bahari gani, siku gani, haikusema. Tulikwenda mjini kwa feri kukipokea. Mama alikibeba mapajani safari nzima, hakutaka nimsaidie. Kilikuwa chepesi mno. Tulipofika nyumbani akakifungua. Ndani mlikuwa na karatasi yenye jina lake, basi.

Akasema, "Jina nilimpa mwenyewe. Hili wananirudishia langu."

Sasa tunaruhusiwa kulia, maana imetangazwa. Majirani wamekuja. Mjumbe amekuja na soya kidogo, kwa kweli alikuwa na haya usoni.

Hatujapata neno lako tangu mwezi wa kwanza. Baba ameacha kuimba.

Kinue

*

8 Septemba 1943

Kinue,

Barua hii haipiti posta. Anaibeba Tabata, mwenzangu, amepata malaria mbaya na anarudishwa nyumbani. Ukishaisoma ichome. Baba usimsomee.

Barua zako mbili nimezipata pamoja. Swali la mama nimelipata.

Hazikuwa meli moja, Kinue. Zilikuwa nne, na zote nne za ndege zimezama, ile yetu ikiwemo. Tuliobaki tulifungiwa ng'ambo ya ghuba ili tusiseme, kisha tukapakiwa kuja huku bila kuona nyumbani. Nilikuwa nauona moshi wa mlima kila asubuhi. Tangu hapo hatujasonga mbele hata mara moja. Kila tunachosikia huku ni kisiwa kipi kimeachwa.

Ilikuwa asubuhi, anga safi. Ndege zilikuwa zinatua, zinashushwa kwa lifti, zinajazwa mafuta na mabomu chini ghalani, zinapandishwa tena. Walibadilisha amri mara mbili, mabomu haya, hapana yale, kwa hiyo ghala zima lilijaa mabomu yaliyolala sakafuni kama viazi. Morio alikuwa huko chini. Mimi niliitwa juu kushika magurudumu ya ndege inayotua. Nikamwita kupitia tundu la lifti, "Morio, harakisha, leta kabari!" Akanijibu, "Shemeji, usinikimbize! Nataka nifike vuli na viungo vyote!" Waliokuwa naye wakacheka. Nilisikia kicheko chao.

Ndege zao zilishuka kutoka juu wakati ule ule.

Sitakuandikia yote. Mlango wa chuma kati yetu na ghala ulikuwa umekunjika. Kulikuwa na watu upande wa pili wanagonga. Mimi na wengine wawili tuliushika, na chuma kilikuwa kimekuwa chekundu, ndiyo hivyo vidole nilivyosema niliungulia jikoni. Tuliugonga kwa nyundo, kwa vyuma, kwa chochote. Waligonga muda mrefu. Nilimwita jina. Sijui kama mmoja wa waliogonga alikuwa yeye. Kisha wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Afisa alinivuta kwa ukosi, nikajikuta majini.

Ndilo jibu. Mama yake ana haki nalo, na mimi nimeshindwa kuliandika kwake. Nimejaribu mara nyingi. Nakuachia wewe, ufanye utakavyoona.

Najua ungetaka kujua pia kama Morio alikuwa anakukumbuka. Alikuwa anachosha, Kinue. Kila siku Kinue, Kinue, mpaka nikamwambia ningejua nisingekubali. Hakuniambia alichokueleza gatini, nami sikumuuliza; barua yako ya kunikataza ilinifikia baadaye.

Rudi kwa Baba. Una miaka ishirini. Hakuna atakayekulaumu.

Isao

*

Sakurajima, 21 Novemba 1943

Kaka Isao,

Salamu za Baba, anakuomba uandike hata kama huna la kuandika. Machenza yamewiva na hatuna watu wa kuyachuma, tunachuma sisi wanawake na wanafunzi wa shule.

Mwenzako alifika. Amekonda, lakini alikula viazi vitano na akaomba cha sita, kwa hiyo Baba anasema ataishi. Nilichokipata kwake nimekipata, na nimefanya ulivyoagiza.

Kuhusu kurudi nyumbani. Mama Morio mwenyewe alimwendea Baba bila kuniambia, akamwambia, "Mchukue binti yako. Simuweki kijana kama huyu afe na mimi." Baba akaja kunibeba na mkokoteni. Nikamwambia nitachuma machenza kwanza. Ni kweli sijui baada ya machenza itakuwaje. Mama amekasirika, ananiita mbishi, ananipakulia chakula kingi kuliko chake. Jana nilimwambia, "Mama, ukinifukuza sema wazi." Akasema, "Nikufukuze nani atanikanda mgongo?" Tuko hapo.

Na swali lake nimemjibu.

Tulikuwa mteremkoni, tumekaa kupumzika, bahari iko chini yetu. Hakuniuliza siku hiyo. Nilianza mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa neno lenyewe, la kweli, na nilikuwa nimeapa nyumba hii haitasikia uongo tena, baada ya uliotupata. Nikafungua mdomo.

"Maji, Mama."

Akageuka. "Ya baridi?"

"Ya baridi. Haraka sana."

Nilitazama mikono yake, nilishindwa kumtazama usoni. Kisha akasema, "Afadhali. Yule tangu mtoto joto hakuliweza. Maji ya kuoga nilikuwa nampozea mpaka mimi natetemeka, ndipo anakubali kuingia."

Nikasema ndiyo, Mama.

Akaniangalia, kaka. Akaniangalia kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani ataniuliza tena. Akanifuta uso kwa pembe ya kitambaa chake, akasema, "Asante, mwanangu," akainuka, akachukua kikapu.

Kinue